Wimbo wa Osmosisi Nilioukata Mkia

Kamenu, Thika
Jumapili alasiri

Minayo, mwanangu, mama yangu mdogo,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia. Uko upande wa pili wa pazia, unabishana na zipu ya begi, na naona zipu inashinda. Ningekuja kusaidia, lakini nakumbuka mara ya mwisho niliposaidia zipu katika nyumba hii: sketi ya mama yako ilikwenda kwa fundi na haikurudi ilivyokuwa. Basi nimesukuma sahani kando, nimekaa hapa mezani, naandika.

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kuanika blanketi, ya kutomwazima sufuria mtu ambaye hujui jina lake la pili, mama yako ameyamaliza. Aliyasema jana, ameyasema leo tukitoka kanisani, na kesho atayasema tena kwenye dirisha la basi mpaka dereva amwombe ruhusa ya kuondoka. Sina la kuongeza. Hata ningekuwa nalo, nani angenisikiliza? Katika nyumba hii mimi ni mtu wa kuulizwa rimoti iko wapi.

Nataka kukuandikia juu ya ule wimbo. Najua ulisema tusiutaje tena mbele ya watu, na ndiyo maana nauandika, siutaji. Kesho unaenda Kakamega kusomea uuguzi. Nimesikia huko kuna majina marefu kama treni ya mizigo, kila mfupa na jina lake, kila mshipa na jina lake, na kila jina linadai fasili yake. Kuna siku utakaa na hayo majina uone hayaingii, na utatafuta njia ya mkato. Njia ya mkato pekee ambayo mzazi wako amewahi kukufundisha ni ile. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, na ni mmoja tu. Kwa mengine yote leo nina furaha kama mtu aliyelipwa mshahara kabla ya mwisho wa mwezi.

Kichwa changu, mama, hakishiki kitu kisicho na tuni. Nilizaliwa hivyo. Kule Vihiga tulipokuwa shuleni, kitabu cha biolojia kilikuwa kimoja, na kilikuwa cha mwalimu. Alikuwa anasoma sentensi, sisi tunaandika, na ukikohoa umeachwa nyuma. Wenzangu walikariri kwa kutembeatembea uwanjani wakiongea peke yao kama watu waliogombana na jirani. Mimi nilichukua tuni za kanisani nikazipakia maneno. Hata leo, nikisimamia ile mashine ya kufunga vifuniko vya chupa, mdomo wangu unajiimbia wenyewe: mitokondria, mitokondria, chumba cha nguvu za seli. Mashine inanielewa vizuri. Lakini uniulize hizo nguvu zinatengenezwaje mle chumbani, nitakutazama kama ng'ombe anavyotazama gari jipya.

Siku ya mtihani wangu wa mwisho waliuliza fasili iliyokuwa katikati ya wimbo. Siwezi kuingilia wimbo katikati. Ikanibidi nianze mwanzo, kimoyomoyo, na kila nikikaribia pale penyewe msimamizi anakohoa, au anaburuta kiti, na mimi napotea, narudi mwanzo. Karatasi zilikusanywa nikiwa kwenye kiitikio. Haya nimekuwa nikiwasimulia kama kichekesho miaka yote, na nyinyi mmecheka, na mimi nimecheka. Kitu ambacho sikuwahi kufanya ni kujiuliza: kama njia hiyo iliniangusha mimi, kwa nini niliirithisha?

Unakumbuka ilivyoanza. Ilikuwa Jumamosi, mazoezi ya kwaya yamekwisha, na nyinyi watahiniwa mmejikusanya kwenye mabenchi ya mbele na vitabu vyenu. Wewe, na Ciku ambaye shule yake ilikuwa huko Ngoliba, na Brayo wa shule ya Ruiru, na wale wengine wawili wanaokaa naye kule kwa shangazi yake Kiuu. Shule tofauti, kwaya moja. Mimi, mwalimu wenu wa kwaya, nilikuwa nakusanya vitabu vya nyimbo, masikio yangu yako kwenu.

"Mwalimu wetu anataka neno kwa neno," ulisema. "Ukiruka hata moja, alama imeenda."

"Mimi ya osmosisi inaingilia hapa, inatokea hapa," Brayo akasema akionyesha masikio yake.

"Yako haiingii," Ciku akamjibu. "Inapiga hodi, inaona hakuna mtu, inaenda."

Mlicheka, lakini uso wako haukucheka. Ulikuwa umeniambia kwamba bila alama nzuri ya biolojia hakuna chuo cha uuguzi kitakachokutazama, na tangu uuguzi ulipoingia kichwani mwako, siku ile ulipokaa na nyanya yako hospitalini, hujawahi kutaja kazi nyingine. Mzazi akiona uso kama ule anataka kufanya jambo. Mwenye pesa angekuletea mwalimu wa nyumbani. Mimi nilikuwa na kipaza sauti kibovu na tuni ya sikukuu ya mavuno.

Nikawaambia, "Simameni. Soprano hapa, alto hapa. Brayo, wewe simama popote, hujulikani wewe ni nini."

Nilifurahi, mama, sitakudanganya. Kwa majuma kadhaa nilijiona kama mtu aliyegundua umeme. Tulianza na seli, tukapita difyusheni, tukaingia osmosisi, tukamalizia na enzaimu kwa kishindo. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, kama mtihani, lakini hapa nauandika kwa Kiswahili ili mama yako, ambaye atausoma huu waraka kabla yako, naye aelewe mzaha uko wapi. Shida ilitokea kwenye ubeti wa osmosisi. Mwendo wa molekuli za maji, kutoka zilipo nyingi hadi zilipo chache, hapo tuni ilikuwa imekwisha. Na bado kulikuwa na maneno mlangoni: kupitia utando unaochagua.

"Baba, umeacha utando," ulisema.

"Utando hauingii kwenye mizani."

"Lakini si ndio—"

"Minayo, wimbo ni wimbo. Utando mtauweka wenyewe mkifika kwenye karatasi."

Halafu, baada ya molekuli za maji, soprano walikuwa na noti ndefu isiyo na neno. Noti tupu hunikera kama sufuria bila kifuniko. Nikaijaza: daima, daima. Ilipendeza sana! Mwendo wa molekuli za maji, daima, daima, kutoka zilipo nyingi hadi zilipo chache. Hata mama mchungaji alipopita dirishani alisema amina.

Nikukumbushe kwamba wewe uliona kosa siku ya kwanza. Uliliona, ukalisema, mwalimu wa kwaya akakunyamazisha, na baada ya kuliimba Jumamosi baada ya Jumamosi hata wewe uliacha kuliona.

Halafu ukaja ule mtihani wa majaribio, mock, ambao shule za Thika na Ruiru zilifanya pamoja, karatasi zikapelekwa shule moja ya Ruiru kusahihishwa. Mimi nilikuwa kiwandani simu ilipoita. Ni naibu wa mwalimu mkuu wenu, Madam Njeri, na hakuanza na habari za asubuhi.

"Baba Minayo, unaweza kufika shuleni leo? Leo, si kesho."

Nilikuja na ovaroli yangu inanuka maembe. Nilidhani umeanguka, umevunjika mguu. Nikakukuta umesimama ofisini, mzima, mikono nyuma, macho mekundu, na ukaniangalia kana kwamba ni mimi niliyevunjika. Madam Njeri alinipa kiti. Unamjua alivyo, hapandishi sauti, na hiyo ndiyo inayotisha.

"Kuna watahiniwa watano," akasema. "Shule tatu. Wameandika sentensi moja, neno kwa neno. Wamekosa mahali pamoja, na wameongeza maneno pamoja. Anayesahihisha anasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Kuna mtu alipata karatasi kabla, akaandika majibu, akayauza. Na aliyeyaandika hata hajui biolojia."

"Haiya," nikasema.

"Kamati ya nidhamu itakaa. Kwa sasa Minayo anaenda nyumbani. Akikutwa na hatia, atarudi siku za mtihani wa mwisho tu, aandike, aende."

Ndipo nikaelewa macho yako. Hakuna maabara nyumbani kwetu. Mtihani wa vitendo wa biolojia ungekuja na wewe hujashika darubini tangu mock. Hapo uuguzi ulikuwa umesimama kwenye kidole kimoja. Na juu ya hayo, jina: ungekuwa yule msichana aliyeiba mtihani, kila mahali, hata kanisani.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, "Hiyo sentensi inasemaje?"

Madam akavaa miwani, akasoma. Mwendo wa molekuli za maji, daima, daima...

Mama, nilicheka. Naomba uelewe, haikuwa dharau. Ilikuwa kama mtu ametafuta mwizi mtaa mzima akagundua mwizi ni yeye na amejiibia mwenyewe. Nilicheka mpaka nikashika meza. Madam alivua miwani. Wewe ulifunga macho, na najua ulichokuwa unaomba: ardhi ipasuke, iwachukue wazee wote wa kwaya, waanze na mimi.

"Aliyeandika hiyo ni mimi," nikasema.

"Wewe ulipata karatasi?"

"Hapana, Madam. Mimi ni mwalimu wa kwaya."

Akaniangalia kama anayesubiri sentensi imalizike. Nikamweleza habari ya mavuno, mizani, noti tupu ya soprano. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kama uongo uliotungwa na mtu asiye na kipaji. Basi nikasimama nikaimba. Peke yangu, na ovaroli, katika ofisi ya naibu, katibu wake, chumba cha pili, akiwa ameacha kuchapa. Nikafika kwenye enzaimu na kile kishindo chake. Hukuniunga mkono hata kwa noti moja, na sikulaumu.

Madam Njeri alinionyesha kiti tena. "Ni wimbo mzuri," akasema. "Lakini Baba Minayo, mtu anayejua kutunga anaweza kutunga wimbo huo akiwa njiani kuja hapa."

Kicheko kikaniishia. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeimba roho yote na sikuwa nimethibitisha chochote isipokuwa kwamba naweza kuimba. Nikakutazama, na kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe sikuwa na mzaha wowote wa kukupa.

Ni wewe uliyetuokoa, na nataka uubebe ukweli huo kwenye begi lako hata kama zipu inakataa. Ulifungua mdomo ukasema, polepole, "Madam, piga simu Ruiru. Waambie wamwite Brayo. Wasimwambie ni nini. Wamuulize osmosisi ni nini."

"Na hiyo itanionyesha nini?"

"Utasikia tu, Madam."

Alipiga. Akaweka simu mezani, spika wazi. Tukasikia mlango, viti, mwalimu wa huko akisema, "Kijana, usiogope. Nipe fasili ya osmosisi." Halafu sauti ya Brayo, imekauka: "Ya osmosisi peke yake?"

"Ya osmosisi peke yake."

"Mwalimu... siwezi kuanzia hapo."

"Kwani unaanzia wapi?"

Na tukasikia Brayo, aliyedhani amekamatwa, akianza kuguna kwenye ile simu, chini chini, mm-mm-mm, noti zile za mwanzo za mavuno. Akaimba seli. Akaimba difyusheni yote na marudio yake, kwa sababu mimi nimewafundisha kwamba marudio hayarukwi. Alipofika kwenye osmosisi alikuwa amesahau hofu, akaimba daima, daima kwa ile noti ya soprano ambayo tangu sauti yake ivunjike nimemkataza kuigusa. Nyuma yake mwalimu wa Ruiru alisikika akisema, "Ngai, kumbe ni kwaya."

Madam Njeri alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani anasali. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Katibu alikuwa amejifunika uso na faili.

Alipojiweza, alipangusa macho, akavaa miwani, akawa naibu tena. Akakuambia rudi darasani, hakuna kamati, nitazungumza na Ruiru. Ukapumua, na mimi nikapumua. Ulipofika mlangoni akakuita.

"Minayo. Wewe hujaiba, hilo nimeliona. Lakini pia hujui. Hilo nalo nimeliona."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasoma tu kilichoandikwa. Lakini mimi nililipokea kama kofi, kwa sababu lilikuwa langu, lilikuwa limechelewa tu kunifikia tangu siku zile za kitabu kimoja kule Vihiga. Nilirudi kiwandani nikasimamia mashine yangu, na siku hiyo sikuimba.

Jioni ile mama yako alikuwa anatengeneza kachumbari. Umekaa pale jikoni huongei na mtu, hasa mwenye ovaroli. Alikuwa amekata vitunguu, akavinyunyizia chumvi, akaviacha kwenye bakuli ili makali yapungue, kama afanyavyo kila siku ya ugali na nyama. Ukawa unaliangalia tu lile bakuli. Halafu ukaniita.

"Baba. Maji haya yametoka wapi?"

Nikaangalia. Chini ya vitunguu kulikuwa na maji. "Ni mama yako ameviosha," nikasema.

"Sijaviosha," mama yako akasema. "Usinisingizie."

"Hakuviosha. Nilikuwa nimekaa hapa. Vilikuwa vikavu, akaweka chumvi. Maji yametoka wapi, Baba?"

"Kwenye... chumvi?"

Ulinitazama kwa huruma ambayo natumaini wagonjwa wako wataipata. Ukachukua kipande cha kitunguu, ukakikunja, kikakunjika kama kitambaa. Ukasema kilikuwa kigumu kwa sababu seli zake zilikuwa zimejaa maji. Nje kumekuja chumvi. Maji ni mengi ndani, ni machache nje kwenye chumvi, basi maji yanatoka. Lakini chumvi haiingii kwa urahisi vile maji yanavyotoka. Kwa nini? Ukaniuliza hivyo, umeshika kitunguu, unanisubiri, kama vile mimi ndiye mtahiniwa.

Nikafungua mdomo. Nilihisi wimbo unapanda kooni kuanzia kwenye seli, mwanzo kabisa. Nikaumeza. Nikafikiria kitunguu. Nikasema, "Kuna kitu kinazuia. Kuna... mlango."

"Utando," ukasema.

"Unaochagua," nikasema.

Na huo ndio ulikuwa mkia nilioukata. Nilikuwa nimewaondolea mlango, nikawaachia maji yanayotembea daima, daima, bila kujua yanapitia wapi. Bila utando hakuna osmosisi, kuna maji tu yanayozurura. Mtu mzima nimekula kachumbari maisha yangu yote na siku ile ndiyo nilielewa fasili niliyoikariri nikiwa na umri wako. Mama yako akasema, "Mmemaliza? Nyama inapoa." Tukala. Kachumbari ilikuwa na chumvi nyingi kwa sababu ya sayansi.

Tangu hapo uligeuza kila kitu. Kila fasili ulitaka kuiona kwanza kabla ya kuisema. Ulitutesa. Chai ikimwagika unauliza majani yanaenea vipi. Nilijikata kidole nikikata miwa, badala ya kuniletea plasta ukaninyanyua mkono ukasema, "Subiri, angalia damu inavyoganda, unajua ni nini kinafanya hivyo?" Nikakuambia najua ni nini kinafanya: ni kukosa mtoto mwenye roho nzuri. Na Jumamosi ukarudi kwenye mabenchi ya mbele, ukawaambia wenzako kwamba hakuna kuimba neno ambalo huwezi kulisema ukiamshwa katikati yake. Ulikuwa unamkatiza Brayo kwenye ubeti wowote, "Simama! Enzaimu ni nini? Bila kuguna!" na yule maskini akawa anashika midomo yake kwa vidole isigune.

Sikutarajia kwamba utauacha wimbo uishi. Nilikuwa tayari kuuzika. Ni wewe uliyesema tuni haina kosa. Uliuchukua ubeti wa osmosisi, ukamfukuza daima, daima na mkoba wake, na pale mwisho ambapo mimi nilisema maneno hayaingii, ukawapa alto jibu: soprano wakinyamaza kwenye chache, alto wanaingia chini, peke yao, kupitia utando unaochagua. Yaliingia. Yalikuwa yanaingia siku zote. Nilikuwa tu nataka kila kitu kiishe pale soprano wanapoishia.

Mtihani wa mwisho uliuliza nini, sijui, hukuniambia, ulisema nitautungia wimbo. Matokeo yalipokuja biolojia ilisimama pale ulipotaka isimame, na Madam Njeri alipiga simu, mara hii akaanza na habari za asubuhi. Aliniuliza kama kwaya yangu ina jambo lolote la kemia.

Basi hili ndilo la kwangu, na nitalisema mara moja, halafu nikusaidie na zipu. Huko unakokwenda kuna siku utasimama mbele ya mgonjwa, na atahitaji kitu kilicho katikati. Hatakupa nafasi ya kuanza mwanzo. Mimi nimeishi na vitu vingi ninavyoweza kuvisema tu nikianzia mwanzo: mistari ya kanisani, maelekezo ya mashine, hata maneno niliyomtongozea mama yako, ambaye alinikatiza katikati nikalazimika kuanza upya, na hiyo ndiyo sababu anasema nilimposa mara mbili. Si kwamba sikumaanisha. Ni kwamba nilikuwa nimeyashika kwa nje. Kwa hiyo ukikuta neno refu, imba, mama, imba ukitaka, umezaliwa na mtu wa namna hiyo na huwezi kujikana. Lakini tafuta kitunguu chake. Na mtu akikuambia kitu fulani hakiingii kwenye mizani, hata kama mtu huyo amekuzaa na ameshika kijiti cha kuongozea kwaya, muulize tena. Mimi uliniuliza mara moja ukaninyamazia kwa heshima. Heshima hiyo nakurudishia, sikuihitaji.

Kuhusu utando unaochagua cha kuingia na cha kutoka, usiogope, sitaanza kuhubiri kwamba na wewe uwe nao huko chuoni. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima wa hayo. Mama yako ameusoma akacheka, akautumia kufungia maandazi yako ya safari.

Jambo moja la mwisho. Leo mchana, wewe ukiwa umeenda kuagana na akina Ciku, nilikuwa hapa napiga pasi ile blauzi yako nyeupe, na nilijikuta naimba ule ubeti. Mwendo wa molekuli za maji, kutoka zilipo nyingi hadi zilipo chache. Nikanyamaza, kama tunavyofanya, nikusubiri uingie. Miezi hii yote umekuwa ukiingia, ukiwa bafuni, ukiwa uani, popote ulipo. Leo hukuingia. Nikasimama na pasi mkononi, nyumba ikawa kimya hivi, na nikaelewa kwamba kesho na kesho kutwa itakuwa hivyo hivyo.

Halafu kutoka jikoni, mama yako, ambaye hajawahi kuimba kwaya, ambaye ndoa yetu yote amesema nyimbo zangu zinamuumiza kichwa, akajibu. Kupitia utando unaochagua. Alianza kwenye noti isiyo yoyote, akashuka kusikoshukika, akamalizia mahali ambapo solfa haijafika. Nilishafungua mdomo nimrekebishe. Nikaufunga, nikarudi kwenye blauzi. Tuni haikuwepo hata kidogo, Minayo, lakini maneno yote yalikuwemo.

Baba yako